Msiba wa Makere

Veneranda alipoulizwa kwa mara ya kwanza anatoka wapi, alijibu Kasulu, na siku hiyo hakuwa amedanganya. Jana yake alilala Kasulu, kambini, ndani ya kibanda cha matope na turubai alichokaa miaka mitatu tangu aikimbie Rumonge, Burundi, kwa boti. Alfajiri alipanda juu ya magunia ya mkaa, bila kibali, bila karatasi yoyote, akaja Kigoma mjini. Kufikia mchana alikuwa amesimama mchangani mwaloni Bangwe, boti za dagaa zinapotia nanga, na kimfuko chake, anatazama wanawake wanaoanika dagaa. Mmoja wao, aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, akamuuliza. Naye akajibu.

"Kasulu? Basi wewe wa kwetu," yule mwanamke akasema, akasogea pembeni kidogo kana kwamba ndoo ina nafasi ya watu wawili. "Kasulu ipi?"

"Makere."

Hapo ndipo alipodanganya. Makere alikuwa amefika mara nne au tano, siku za gulio, watu wa kambini walipokwenda kubadilisha mafuta kwa chumvi. Alijua wauza chumvi wanakaa upande gani. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Yule mwanamke aliitwa Mama Oswald, Muha wa Kasulu kweli kweli, mwenye mikono mipana na sauti ya kuita boti. Siku hiyo hiyo alimpa Veneranda karai na kumwonyesha namna ya kutandaza dagaa wasilaliane. Jioni alimtafutia chumba. Na kwa sababu Kirundi na Kiha ni kama mtu na mdogo wake, Veneranda aliweza kumjibu kwa lugha ya kwao, akimeza neno hapa na pale. Mama Oswald aliyasikia yale maneno yaliyopinda. Alicheka tu. "Nyie wa mpakani mnaongea kama mtu anawakimbiza," alisema.

Mwaka wa kwanza Veneranda alijaribu kuishi bila rafiki. Alifikiri ndiyo salama. Mtu asiyekujua hakuulizi kwenu mna ng'ombe wangapi wala kaka yako ameoa kwa nani. Alipita kichwa chini, akafanya kazi, akafunga mlango. Lakini akagundua kwamba mtu asiyesalimia ndiye anayesemwa kuliko wote. Wapangaji walianza kuulizana kule nje, yule wa chumba cha mwisho ni nani, mbona hana mgeni. Basi akaanza kusalimia kwa woga. Akaanza kukaa na wenzake kwa woga, kucheka kwa woga, kuazima chumvi ambayo hakuihitaji. Halafu siku moja, hata hakujua ni lini, akajikuta anacheka kweli.

Pale mwaloni kuna jambo moja ambalo hakuna aliyekaa chini akalitunga. Wingu likitokea upande wa Kongo, hakuna anayeuliza hawa dagaa ni wa nani. Kila mwanamke anaanua wale walio karibu na mguu wake, anajaza gunia lolote, anakimbilia bandani, na mvua ikiisha ndipo watu wanapangua wa nani ni wa nani. Siku ya kwanza Veneranda alipokumbwa na mvua alikuwa ameenda msalani. Alirudi mbio akakuta sehemu yake nyeupe, mchanga mtupu, akadhani ameibiwa. Akaenda bandani akakuta dagaa wake wote, wamejaa kwenye gunia la Hidaya, na dagaa wa Hidaya wameachwa nje wameloa.

"Nilianza na wako," Hidaya alisema. "Wangu wamezoea shida."

Hidaya alikuwa mtu wa Ujiji, kwao Kasingirima, ukoo wa wafanyabiashara tangu enzi za babu wa babu, na alipanga chumba kilichopakana na cha Veneranda. Kiha hakukijua, alikuwa akisema kinamkwaruza koo. Lakini Kiswahili alikuwa nacho cha kulisha mtaa. Kupitia ule ukuta wa tofali Veneranda alijua kila kitu cha Hidaya: mume anayesafiri Mpulungu, ugomvi na mawifi, mtoto anayekataa uji. Naye Hidaya, kupitia ukuta ule ule, hakujua kitu. Baba yake Hidaya alipofariki, Veneranda alikaa Kasingirima siku tatu akimenya mihogo na kuosha masufuria mpaka vidole vikachunika. Aliporudi, Hidaya alimwita dada. Neno lile lilimwingia Veneranda, akaenda nalo chumbani, akakaa kitandani akiogopa. Maana kila aliyemwita dada alikuwa mtu mmoja zaidi wa kuulizwa siku mambo yakiharibika.

Yalikaribia kuharibika mwaka juzi. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Nuhu, alipita nyumba kwa nyumba akiandika wapangaji na kwao, na asiye na kitambulisho atafute wa kumsemea. Veneranda alisimama pale mlangoni. Mama Oswald ndiye aliyekuja na karai lake kichwani, hata hajatua. "Huyu ni wa kwetu," alisema. "Namjua mpaka kwao." Hakuwa amefika kwao hata siku moja, kwa kuwa hakukuwa na kwao. Akaweka kidole gumba kwenye daftari la mwenyekiti, akafuta wino kwenye kitenge, akaondoka.

Sasa simu ilikuja Jumatano moja asubuhi, jua limepanda kidogo, dagaa ndio kwanza wametandazwa. Alikuwa dada yake, kutoka Rumonge. Alisema maneno machache. Mama ameamka vizuri, ameomba maji, amelala tena, basi. Watazika kesho. Halafu akauliza: unakuja?

Veneranda akakaa chini. Alikaa juu ya dagaa, na mwaloni hakuna anayekaa juu ya dagaa, hata mtoto anajua. Hidaya aliona akaja mbio akidhani ni jua.

"Vene? Vene, una nini?"

"Mama," alisema. Ndilo neno lililotoka, na likatoka na kilio nyuma yake. Angeweza kulizuia, alifikiri baadaye, angesema tumbo. Lakini kilio hakikumuuliza.

Hidaya akasimama, akaweka mikono kichwani, akapaza sauti mchanga mzima usikie. "Jamani, Vene kafiwa na mama yake."

Hapo mlango ukafungwa.

Wanawake wa mwaloni walikuwa na kikundi chao, kumi na wawili, na sare ya kitenge cha bluu. Sharti lao kubwa lilikuwa moja: mwenzao akifiwa hawatumi pole, wanakwenda. Wanakwenda mpaka kwao, hata iwe Kibondo, wanapika, wanazika, wanarudi. Veneranda mwenyewe aliwahi kwenda hivyo Uvinza, Shadia, mdogo kuliko wote kikundini, alipofiwa na mama mkwe, na alibeba kuni safari nzima. Sasa zamu ilikuwa yake. Alitazama wanawake wakikunja magunia, wakiitana, na akajua wanachokwenda kufanya kabla hawajakisema.

"Wanazika leo leo," alisema haraka. "Hatutawahi."

"Ndiyo maana tunakimbia," Mama Oswald akamjibu. Tayari alikuwa anapiga simu. "Barabara siku hizi ni lami. Makere tunafika mchana."

"Kwetu hakuna pa kulala watu wengi."

"Nani amesema tunalala? Tunazika, tunageuza."

"Niacheni niende mwenyewe tu, dada. Kazi itawalalia."

Mama Oswald akaondoa simu sikioni, akamtazama kwa huruma ambayo Veneranda alitamani aikimbie. "Mdogo wangu, ulipofika hapa ulikuwa na kimfuko kimoja. Unataka watu wa kwenu waone umerudi na kimfuko hicho hicho, peke yako, kama vile huku umeishi na mawe? Nenda kavae sare."

Fuso ya dagaa ilipatikana, na dereva wake, Feliksi, alisema safari hii hatawatoza hata senti. Saa tatu ilikuwa imeshajaa: maharage, unga wa muhogo, dumu la mawese, kuni, sufuria kubwa la kikundi. Mzee Nuhu mwenyekiti alikuja kwa mguu wake kutoa pole, akamshika Veneranda mikono miwili, na uzee wake wote akamsaidia Feliksi kupandisha gunia la unga. Mtaa mzima ulisimama ukiwatazama wakiondoka. Watoto walipunga.

Veneranda aliwekwa katikati, juu ya magunia laini, palipo pazuri, na Hidaya alimzungushia mkono begani. Hakuweza kuruka. Hakuweza hata kulia vizuri, maana akili yake yote ilikuwa inahesabu vilima. Mbele huko kulikuwa na kizuizi ambapo abiria huulizwa vitambulisho. Na baada ya kizuizi kulikuwa na Makere, na Makere kulikuwa na wauza chumvi. Mama yake alikuwa amelala Rumonge ndani ya shuka, na yeye anazidi kwenda upande ambao si wake.

Wenzake waliimba kwa sauti ya chini. Halafu waliacha kuimba, wakaanza kusema. Shadia alisema, "Leo ndiyo tutajua kwenu, Vene. Siku zote tunasikia tu." Akamgonga goti kwa upole.

Walipofika Kidahwe, Feliksi alisimama. Mama Oswald alitaka ndizi mbichi, akisema mtu haendi msibani Kasulu na muhogo mtupu wa watu wa ziwani. Alishuka, akaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na mikungu mbele ya nyumba yake, na alipokuwa anachagua, simu yake ikaita. Alikuwa mdogo wake wa kiume, anayeishi karibu na Makere. Mama Oswald alikuwa amemwambia atangulie, awaulizie nyumba ya msiba ili gari lisipotee.

Veneranda, kule juu, alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, kwa Kiha. "Umeuliza kanisani? … Na kwa mtendaji? … Na msikitini? … Hapana, uliza tena." Akarudisha mkungu mahali pake. "Haya."

Mama Oswald aliingiza simu kwenye pindo la kitenge. Alirudi bila ndizi.

"Vene, shuka."

Alishuka. Walisimama nyuma ya gari, palipokuwa na kivuli.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Dafroza."

"Ndugu yangu amezunguka Makere yote. Hakuna msiba tangu Jumapili. Hakuna anayekujua. Hakuna nyumba yenu." Alisema polepole, kama anayempa mtu nafasi ya kumsahihisha. "Nimemwambia atakuwa amekosea."

Gari moja la Kasulu lilipita likikanyaga ukingo wa lami, vumbi likawafunika, likaondoka. Veneranda alisubiri vumbi litulie kwa sababu hakuwa na kitu kingine cha kusubiri.

"Mama amefia Rumonge," alisema.

"Rumonge ya Burundi."

"Ndiyo."

"Wewe ni Mrundi." Hakuwa anauliza. Aliegemea bodi ya gari. "Watu walishaniambia. Walikuja wawili nyumbani kwangu, wakasema yule mwenzako ni Mrundi wa kambini. Unajua nilifanya nini? Niliwafukuza. Nikawaambia mnamnyang'anya mtu kwao. Halafu nikaenda nikaweka kidole. Kidole changu, Vene, kiko kwenye daftari la Mzee Nuhu."

"Ningekuambia ungefanyaje?"

"Sijui," Mama Oswald akasema. "Na sasa sitajua."

Hidaya akachungulia kutoka juu. "Mnazungumza nini huko? Jua linapanda, maiti hasubiri."

Mama Oswald akawatazama wale wanawake wenye bluu, nyuso zote zimeinama juu ya bodi. Akawaambia. Aliwaambia kwa maneno manane au tisa, bila kupamba.

Shadia ndiye aliyeanza. "Kwa hiyo mama yake hajafa?"

"Amekufa. Amefia kwao."

Hidaya alishuka. Alimkaribia Veneranda mpaka pua zikakaribia kugusana. "Miaka yote hii tunalala ukuta mmoja," alisema. "Mimi nimekuambia mpaka meno ya mume wangu ya mbele ni ya bandia. Mama yake mzazi hajui. Wewe unajua. Na hukuniambia hata unatoka nchi gani?"

"Nilikuwa naogopa."

"Kuniogopa mimi?"

"Kukuzoea," Veneranda alisema. Hakujua kama ndilo jibu, lakini ndilo lililokuwapo.

Feliksi akatoa kichwa dirishani. "Mama zangu, nisonge mbele au nigeuze? Mimi kwangu ni sawa tu."

"Geuza," mmoja akasema.

"Ageuze aende wapi?" Mama Oswald akasema, na sasa sauti yake ya kuita boti ilikuwa imerudi. "Saa nne hii. Mtaa mzima umetuona tunaondoka, mwenyekiti amebeba unga kwa mikono yake. Tukirudi sasa hivi tutasema nini? Marehemu kaghairi?"

Mtu mmoja kule juu alicheka, kicheko kilichomponyoka, akakifunika na kanga. Halafu kila mmoja akaona kile ambacho Mama Oswald alikuwa ameshakiona. Kurudi hawawezi. Kwenda mbele hawawezi, mbele kuna kizuizi, na hata wakivuka hakuna pa kufika. Wakisema ukweli, Veneranda anaondolewa, na wa kwanza kuulizwa ni mwenye kidole. Miaka yote hii Veneranda alikuwa amekaa ndani ya lile neno, Makere, peke yake. Sasa walikuwa kumi na wawili humo, na Feliksi wa kumi na tatu.

"Tutakaa hapa," Mama Oswald akasema. "Mpaka muda wa mazishi upite."

Mama muuza ndizi, Mama Selestini, alikuwa anawatazama muda wote. Aliuliza kuna msiba wa nani.

"Wa huyu. Mama yake mzazi."

"Amefia wapi?"

Wakatazamana. "Mbali," Hidaya akasema.

Mama Selestini hakuuliza tena. Alifagia uwanja wa nyuma ya nyumba, akatandika mikeka miwili na jamvi, akaleta mafiga. Wanawake wakateremsha sufuria. Maharage yalikuwa lazima yapikwe na mtu hawezi kukaa msibani mikono mitupu, basi wakawasha moto, wakachambua, wakachota maji. Veneranda aliwekwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, miguu imenyooshwa, kama anavyowekwa mfiwa. Hakuna aliyeamua. Mikono yao ilikuwa inajua kazi hiyo tu.

Mama Oswald alikaa kwenye jiwe, akawapa mgongo, akamenya ndizi.

Halafu Shadia, kwa kuwa ndilo swali linaloulizwa, akauliza. "Alianza kuumwa nini?"

Mfiwa ndivyo anavyofanya, anasimulia. Kila anayekuja anaulizia, na yeye anasimulia upya, mpaka maneno yanakuwa laini mdomoni. Veneranda akaanza. Miguu. Miguu ilimsumbua tangu zamani, hilo alishawaambia. Lakini sasa akasema ilimsumbua kwa nini: kusimama kwenye pipa la kukamulia mawese, Rumonge, tangu yuko msichana. Alisema mikono ya mama yake ilikuwa ya rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko na rangi hiyo haikutoka hata Jumapili. Alisema mama alivyomkimbiza hadi kwenye boti mwaka ule wa vurugu, akamtupia kimfuko, akakataa kupanda kwa sababu mawese yalikuwa motoni. Alisema alivyokuwa akimpigia simu, wanaongea kwa kunong'ona, na mama yake anamuuliza, mbona unaongea kama mwizi mwanangu, umekaa na watu gani huko? Naye anamjibu, nimekaa na watu wazuri.

Hapo Hidaya akaanza kulia. Alilia kwa hasira, anapangusa pua kwa nguvu. "Endelea," alisema.

Akaendelea. Hakuwahi kusema mambo hayo kwa sauti ya kawaida tangu ashuke kwenye magunia ya mkaa. Wakristo wakaimba wimbo mmoja. Hidaya na Shadia wakainua viganja wakaomba dua. Mama Selestini, ambaye hakumjua mtu yeyote pale, alilia kuliko wote.

Chakula kikaliwa. Jua likageuka. Na ndipo kazi ya pili ilipoanza, maana wangeulizwa.

"Padri alikuwa nani?"

"Hakuna padri, alikuwa katekista. Padri alikuwa safarini."

"Watu wengi?"

"Wa kutosha. Tusizidishe."

"Kaburi liko wapi?"

"Nyuma ya nyumba, karibu na migomba."

"Mbele ya nyumba. Makere wanazika mbele," alisema Mama Oswald. Hakugeuka.

"Haya, mbele. Na aliyesoma wasifu?"

"Kaka yake Vene."

"Vene ana kaka?"

"Leo anaye."

Walikuwa wanayajenga mazishi hayo kidogo kidogo, kwa bidii, kama wanavyofanya kila kitu, na mmoja akikosea mwingine anamsahihisha. Veneranda aliwasikiliza wakimteremsha mama yake kwenye udongo ambao hakuwahi kuukanyaga, mbele ya nyumba isiyokuwapo. Aliona jeneza. Aliona katekista. Alijaribu kuiona Rumonge akashindwa.

"Msimzike Makere," alisema.

Wakamtazama.

"Hakuwahi kufika hata Kigoma. Anazikwa kesho, kwao. Msimzike Makere."

Mama Oswald akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na kisu bado kiko mkononi na ganda la ndizi. "Tumzike wapi? Sema wewe. Twende tumwambie Mzee Nuhu tumezika Rumonge kwa fuso ya dagaa na tumerudi kabla ya magharibi?"

Veneranda akavuta miguu yake, akaikunja.

"Wewe ndiye uliyesema Makere. Sisi tulikuja kuzika ulipotuambia. Hatuna pengine."

Ilikuwa kweli. Veneranda alitazama mkeka. Alikuwa na jina moja tu la mahali, na alilichagua mwenyewe, siku ya ndoo. Kuku wa Mama Selestini walikuja wakadonoa maharage yaliyomwagika, hakuna aliyewafukuza.

"Basi wekeni mchikichi wa mawese karibu naye," alisema mwishoni.

"Makere haina michikichi ya maana," Mama Oswald akasema.

"Wekeni mmoja."

Mama Oswald akatupa ganda. "Haya. Mmoja."

Saa kumi na moja na ushei walikuwa Bangwe. Mzee Nuhu alikuwa anawasubiri kwenye benchi la duka, akainuka alipoliona gari. Wanawake waliteremka kimya, vitenge vina vumbi na harufu ya moshi, macho yamevimba, na mtu yeyote angesema hawa wametoka kuzika.

"Mmemzika salama?"

Wote walimtazama Mama Oswald. Akavuta pumzi. "Tumemzika salama, mwenyekiti. Watu walikuwa wa kutosha. Katekista ndiye aliyeongoza, kaka yake akasoma wasifu." Sauti ikamkatika, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya kuigiza, ingawa Veneranda ndiye pekee aliyejua yanamlilia Vene wa Makere, ambaye hakuwahi kuwapo. "Wamemweka mbele ya nyumba. Kuna mchikichi."

Mzee Nuhu akatikisa kichwa kwa heshima. Alimgeukia Veneranda. "Mwanangu, leo nimeshindwa kwa sababu ya mgongo. Nimejisikia vibaya mchana kutwa. Umekaa na sisi vizuri miaka hii, na mama aliyekuzaa tumeacha kinamama peke yao wamzike. Arobaini nitakuja. Nitakuja na wazee wenzangu wa mtaa, tumwone na huyo kaka yako tumpe mkono. Nimeshawaambia."

Hidaya alishika bodi ya gari. Feliksi akaangalia tairi ambalo halikuwa na shida.

"Karibu sana, mwenyekiti," Mama Oswald akasema.

Mzee akaaga, akaenda zake taratibu na fimbo. Wanawake wakaanza kuteremsha sufuria, kila mmoja anakwepa macho ya mwenzake. Veneranda akainama kuchukua dumu la mawese, na mkono mpana ukalishika upande wa pili. Tangu waondoke Kidahwe Mama Oswald hakuwa amemwambia neno moja la ana kwa ana. Walilibeba dumu pamoja mpaka bandani, wakalitua.

"Huko kwenu umebakiwa na nani?" Mama Oswald akauliza, kwa Kiha.

"Dada yangu mmoja."

Mama Oswald alijifuta mikono kwenye kitenge. Alitazama ziwa, halafu dagaa waliosahaulika mchangani tangu asubuhi, wamekauka kupita kiasi, wa kila mtu.

"Mwambie asife," alisema, akachukua gunia, akaenda kuanua.